Jina la Asiyekuwepo

Biubwa anasema aliona kwa macho yake mawili, na yuko tayari kushika msahafu. Alikuwa barazani kwake anachambua mchele, Jumamosi ile, jua halijazama. Gari dogo jeusi lenye vioo vya giza likaja taratibu likasimama mbele ya nyumba ya jirani yake, Mzee Mwinshehe, pale Tumbi. Akashuka kijana wa kampuni, kavaa fulana ya kampuni, na kofia ya kampuni kaishusha mpaka kwenye nyusi. Mkononi kashika bahasha ya kaki. Hodi alipiga mara moja tu. Salama, mke wa Mwinshehe, akatoka, akaipokea ile bahasha, akaitia kifuani, wakacheka wote wawili kama watu waliozoeana. Kijana akarudi garini, gari likaondoka. "Na bahasha ilikuwa nene," anasema Biubwa, akionyesha kwa vidole viwili unene ambao kila akisimulia unaongezeka. "Nene kama mkate!"

Swaumu aliisikia habari hiyo wiki mbili baadaye, asubuhi ya Jumatatu, akiwa anageuza chapati kwenye kibanda chake. Hakuiunguza. Aliigeuza, akaipaka mafuta, akaitoa, akaweka nyingine. Kwa sababu yule kijana wa kampuni alikuwa yeye.

Fulana alipewa, kofia alipewa, na lifti alipewa. Bahasha ilikuwa na noti mbili tu, ya elfu kumi na ya elfu tano, na Salama alicheka kwa kuwa alipomwona na ile kofia alimwambia, "He, Swau! Benki gani imekuajiri ulinzi?" Biubwa hakusema uongo. Aliona gari, akaona fulana, kofia na bahasha. Mengine aliyajaza mwenyewe, kama mtu anayetia chumvi mchuzi ambao hakuupika.

Tatizo ni kwamba uongo ungeweza kukanushwa. Hili lingekanushwa na nani, kama si yeye?

Kituo cha taksi cha getini kina magari kumi na saba, ng'ambo ya barabara mkabala na hospitali. Sheria yao kubwa kuliko zote ni zamu. Gari lililotangulia kufika alfajiri ndilo linalotangulia kupakia, na likirudi safari linaanza tena mkiani. Huruki zamu hata abiria akiwa shemeji yako, hata akija kukuulizia wewe kwa jina. Zamani zamu ilikuwa inaandikwa kwenye kipande cha boksi, na kwa sababu kila mwenye kalamu alikuwa na gari, kila siku palikuwa na mtu aliyejipandisha. Siku moja walipigana mpaka mmoja akang'oka jino. Hapo ndipo Mzee Mwinshehe, mwenyekiti wao, aliponunua daftari kubwa, akavuka nalo mpaka kibandani kwa Swaumu, akaliweka kando ya birika.

"Mwanangu, andika wewe. Wewe huna gari, kwa hiyo huna upande."

Swaumu alikuwa na miaka ishirini na mbili. Shule aliishia darasa la saba kulekule kwao Mzenga, lakini mwandiko wake ulikuwa umesimama wima, unasomeka hata na mtu asiye na miwani. Tangu siku hiyo aliandika zamu miaka minne, na katika miaka minne hakuna dereva aliyewahi kumwambia amempendelea mwenzake. Walimtania kwa mengine, chai yake nyepesi, chapati zake ndogo, ukimya wake. Kwenye daftari hawakumtania.

Kisha ikaja Nipitie.

Ilikuwa kampuni ya magari ya mtandao. Mtu anabonyeza simu akiwa wodini, bei anaiona, na gari linakuja lisilo na alama yoyote, linamchukua nje ya geti linaondoka. Zamu haikuwahusu, ukaguzi wa taksi haukuwahusu, na ada ya kituo hawakuilipa. Madereva wa getini wakaanza kukaa masaa mawili, matatu, wakicheza drafti, wanawatazama abiria wakipanda magari ya watu. Walitukana. Swaumu aliwasikiliza, lakini hakuwa kipofu. Alishamwona mama mmoja ametoka kulazwa, mtoto mgongoni, akitajiwa bei ya kwenda Mlandizi mpaka akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, na dereva aliyetaja bei ile alikuwa mmoja wa hawahawa waliokuwa wakitukana. Kwa simu, mama yule angekuwa nyumbani kwake zamani.

Mzee Mwinshehe naye hakuwa mtu wa matusi. Aliandika barua kwa halmashauri, Swaumu akainakili kwa mwandiko safi, mzee akatia sahihi yake na mhuri wa kituo. Hakuomba Nipitie wafukuzwe. Aliomba kitu kimoja: wao wakaguliwe na walipe kama taksi, au taksi zipunguziwe mzigo ziwe kama wao. "Tukimbizane, sawa," alisema, "lakini mimi nisibebeshwe gunia halafu niambiwe nakimbia polepole."

Halmashauri ikajibu kwamba itaitisha kikao cha kusikiliza wadau, kamati ya madiwani ikiwepo, kabla ya kugusa sheria ndogo ya vituo. Na kampuni nayo haikulala. Yenyewe ilitaka kituo cha getini kifutwe kabisa, pawe huria, anayepita apakie. Ikamleta Lusajo.

Lusajo alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi, anaamkia kila mtu. Hata Biubwa, anayeuza maandazi pale kituoni, aliamkiwa mpaka akampa andazi la bure, na Biubwa hana desturi hiyo. Neno sheria hakulitaja hata mara moja. Alisema kuna semina ya usalama barabarani, Jumamosi, ukumbini, mtaa wa Kwa Mathias. Kutakuwa na pilau, fulana, na nauli kidogo ya kurudia.

"Nauli ya nini na sisi tuna magari?" aliuliza Rama, dereva kijana kuliko wote.

"Ya mafuta basi, kaka."

"Hapo umesema."

Walikwenda wote isipokuwa mmoja. Mzee Mwinshehe alikuwa kwao Maneromango tangu Alhamisi, kwenye arobaini ya dada yake.

Ukumbini Lusajo aliuliza nani ana mwandiko mzuri, na vidole kumi na sita vikamwelekea Swaumu, ambaye naye alikuwa amealikwa. Akakalishwa kwenye meza ya mlangoni. Karatasi ya kwanza ilikuwa na kichwa kikubwa, MAHUDHURIO. Ilipojaa kwa madereva wa vituo vingine, Lusajo akampa ya pili, na ile haikuwa na kichwa, ilikuwa na mistari tu ya namba, jina, simu na sahihi. Swaumu hakushangaa. Hata daftari la zamu kichwa chake kiko ukurasa wa kwanza tu. Aliwaandika madereva wa getini mmoja mmoja, kila mtu akainama akatia sahihi yake, akapewa bahasha.

Sasa, kwetu mtu aliyefiwa hanyimwi fungu lake. Nyama ikigawiwa, lake linawekwa kando. Watu wakiandikwa, naye anaandikwa, na atakayeacha kumwandika ndiye atakayesemwa. Kwa hiyo Swaumu, bila hata kufikiri, akaandika: Mwinshehe Abdala Matano, na namba ya simu aliyokuwa ameihifadhi kichwani.

"Yuko wapi huyu?" akauliza Lusajo.

"Amefiwa, yuko arobaini. Tunamchukulia yake."

"Pole yake. Mtilie na sahihi basi, dada, maana bila sahihi mhasibu ananirudishia."

Swaumu akamtilia. Hakuiiga sahihi ya mzee, wala haikumjia kuiiga. Aliandika jina kwa mwandiko wake, akalivutia mkia. Wengine walikuwa wamekwisha kwenda kwenye pilau. Jioni Lusajo akampa lifti mpaka kwa Mwinshehe, akashuka, akapiga hodi. Ndiyo hadithi nzima ya ile bahasha nene kama mkate.

Jumatatu ile, wiki mbili baadaye, picha za karatasi zilizobandikwa kwenye ubao wa halmashauri ziliingia kwenye simu za madereva. Orodha ilikuwa ileile, sahihi zilezile, lakini sasa ilikuwa na kichwa kilichopigwa chapa: Wadau wa usafiri wanaounga mkono kufutwa kwa kituo cha taksi cha getini. Kikao ni Jumatano ya wiki inayofuata.

Baada ya alasiri wakakutana palepale kituoni, kwenye mabenchi. Shabani ndiye aliyeanza. Huyu alikuwa mtu wa sauti, na aibu yake huwa inatoka kwa sura ya hasira.

"Sisi tulikula pilau, tukaliwa. Sawa, sisi mazuzu, tumekubali. Lakini wewe mzee pilau hukuwepo. Jina lako limeingiaje humu? Limepanda basi kutoka Maneromango?"

Watu wakacheka. Walijua Swaumu ndiye aliyeandika orodha ile, lakini walidhani mzee mwenyewe ndiye aliyeipa kampuni jina lake. Mzee Mwinshehe akavaa miwani, akachukua simu ya Rama, akaitazama picha, akaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa.

"Sahihi hii si yangu."

"Na namba ya simu?"

"Namba ni yangu."

"Aa! Na bahasha iliyoletwa kwako?"

"Hakuna bahasha iliyoletwa kwangu."

"Mwiteni Biubwa!" wakapaza sauti watatu kwa pamoja, na Biubwa hakuwa mbali, na hakuhitaji kuitwa mara mbili. Alieleza gari, akaeleza kofia, akapima unene. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akatoa simu yake, akampigia mkewe, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Alifanya hivyo kama mtu aliye na hakika.

"Salama, kuna bahasha ililetwa hapo nyumbani siku nilipokuwa safari?"

"Eee, Baba Firdausi... ile... nilitaka nikwambie. Nilijazia mtungi wa gesi."

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa kikubwa mpaka wagonjwa waliokuwa wakivuka barabara waligeuka. Salama alikuwa anaendelea kusema jambo, huenda alikuwa anataja aliyeileta, lakini hakuna aliyemsikia, na mzee akakata simu. Akaivuta tena ile picha, akaitazama muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Halafu akainua macho, akatazama upande wa kibanda cha chai.

Swaumu alikuwa anamimina. Chai ilipanda kikombeni, na alipoona imefika ukingoni akaacha bila kumwaga hata tone. Alijiambia: kelele zikitulia nitasema. Kelele zikatulia. Akajiambia: akikaa nitasema. Mzee hakukaa. Alitoa mhuri wa kituo mfukoni, akauweka juu ya benchi mbele ya Shabani, akaingia kwenye gari lake lililokuwa la tatu kwenye zamu, akalitoa kwenye mstari, akaenda.

Usiku wake Swaumu hakupata usingizi, lakini hilo halimsaidii mtu. Kulipokucha alimpigia Lusajo.

"Dada Swaumu, kile kichwa kimeandikwa ofisini, naapa. Mimi niliambiwa nilete majina mia. Wala sikuuliza ya nini."

"Hukuuliza?"

"Ningeuliza wangemtuma mwingine. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Yule mzee aliyefiwa, ndiye mwenyekiti wao?"

"Ndiye."

"Mungu wangu. Sikujua."

Swaumu alimwamini, na kumwamini hakukupunguza kitu. Alhamisi akafunga kibanda mapema, akaenda halmashauri, masijala. Alimkuta dada mmoja anaitwa Aneth, mtu mzima, ambaye alimsikiliza huku akipiga mihuri, na alipofika kwenye neno sahihi akaacha kupiga mihuri, akainuka, akafunga mlango.

"Mdogo wangu, neno hilo usilirudie kwa sauti. Kumtilia mtu sahihi ni kesi."

"Basi jina lifutwe, dada. Mimi nitasema nimekosea."

"Jina halifutwi na mtu wa pembeni. Mwenyewe aje Jumatano, asimame mbele ya kamati, alikane." Akavuta jalada, akamwonyesha karatasi mbili. "Tazama. Hii barua ya kutetea kituo ina jina la Mwinshehe. Hii orodha ya kukifuta kituo ina jina la Mwinshehe. Asipotokea, kamati itamshika kwa lipi? Watasema kituo chenyewe hakijui kinataka nini, na watakuwa na haki ya kusema."

"Na wale kumi na sita wengine? Nao walidanganywa."

"Watasema. Lakini kichwa chao kikiwa kimekimbia, nani atausikiliza mkia?"

Swaumu akapita kwa Salama. Salama alikuwa amevimba macho. Akasema mzee amekwenda na gari Maneromango, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu dada yake, na kasema analiuza. Mnunuzi anakuja Alhamisi ijayo.

"Umemwambia ni nani aliyeleta bahasha?" Swaumu aliuliza.

"Nilimwambia usiku uleule. Akasema, najua."

Jumapili Rama akajitolea kumpeleka. Hakuuliza sababu. Yeye alidhani Swaumu anatumwa na Salama, na kwa kuwa alimpenda mzee kwa njia yake, alijaza mafuta bila kunung'unika. Walipoacha lami ya Mlandizi na kushika vumbi la kwenda Mzenga, simu ya pili ya Rama ikalia chini ya kiti, mlio wa Nipitie ambao kila mtu kituoni aliujua. Swaumu akamtazama.

"Usinitazame hivyo, Swau. Ndiyo, nimejiunga. Mwezi wa pili huu."

"Sijasema kitu."

"Wewe huwa husemi, unatazama tu. Heri unitukane." Akakwepa shimo. "Mtoto wangu anakunywa maziwa, hanywi zamu. Lakini usidhani kule ni peponi. Kila safari wanakata fungu lao, na fungu linaongezeka. Ukikataa safari mbili wanakufungia, hakuna wa kumlalamikia, unalalamikia simu. Mzee alikuwa anajua nimejiunga. Alinigombeza mpaka nikalia. Ila kwa wenzangu hakunitaja."

"Alijua?"

"Alijua. Ndiyo maana inaniuma. Mtu aliyenifichia mimi, atajiuza mwenyewe kwa bahasha ya gesi? Haiingii akilini."

Wakapita Mzenga. Swaumu aliona njia ya kwenda kwa mama yake, hakuomba wasimame. Mbele kidogo ya soko akasema, "Rama. Lile jina nililiandika mimi."

Rama akashika breki, vumbi lao lenyewe likawapita.

"Wewe?"

"Mimi. Na sahihi. Alikuwa amefiwa, nikamwandika asikose."

"Na kijana wa kampuni mwenye kofia..."

"Mimi."

Rama akacheka. Alicheka mpaka akaweka kipaji cha uso kwenye usukani, akarudia "mwenye kofia mpaka kwenye nyusi" kwa sauti ya Biubwa, akafuta machozi. Halafu kicheko kikamwisha chenyewe.

"Na siku ile tulipokuwa tunamcheka mzee, wewe ulikuwa unamimina chai."

"Nilikuwa namimina chai."

Akawasha gari, wakaenda mpaka Maneromango. Na hata huko hakumgombeza. Walipofika kwenye korongo ambalo mvua ilikuwa imelila kutoka upande hadi upande, alizima gari, akasema, "Gari la mzee liko juu, linapita; chombo changu hapa hakipiti. Nenda. Saa tisa tuondoke, nisije nikakutwa na mvua."

Nyumba ya marehemu ilikuwa nyuma ya shamba la mihogo. Swaumu alilisikia gari kabla ya kuliona, kwa maana alisikia kitu kinakwangua bati, kwaru, kwaru. Mzee Mwinshehe alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa gari lake, pembeni ana beseni la maji ya moto, mkononi ana wembe. Alikuwa anabandua mstari wa kijani unaozunguka gari. Mstari huo ndio unaoifanya taksi iwe taksi. Ukishabanduliwa, gari ni la nyumbani kama mengine, na kuurudisha ni kuanza upya, ukaguzi, leseni, ada, mambo ya miezi. Mnunuzi alikuwa amesema anataka gari la familia. Ubavu wa kulia ulikuwa umekwisha, umeacha alama nyeupe kuliko rangi yenyewe. Wa kushoto ndio kwanza alikuwa ameshika pembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Swau. Umekuja na nani?"

"Na Rama. Ameshindwa korongo."

"Korongo lile baya. Mama yako Mzenga hajambo?"

"Sijapita."

"Usikose kupita." Akaendelea kukwangua. "Ndani mna maji, na mna muhogo wa kuchemsha. Kale."

"Sikuja kula, baba. Nimekuja kusema."

Wembe ukapunguza mwendo.

Swaumu akasema yote. Aliyasema akiwa amesimama, mikono imeshika pindo za khanga, kuanzia karatasi isiyo na kichwa mpaka bahasha mpaka maneno ya Aneth. Mzee hakumkatiza. Alipomaliza, mzee akasema kwa sauti isiyo na ukali hata kidogo:

"Mwandiko wako nimeusoma miaka minne, kila asubuhi ya Mungu. Ulidhani sitaujua?"

"Kwa nini hukusema pale?"

"Nilikungoja useme wewe."

Hapo Swaumu ndipo alipolia. Hakulia kwa sauti. Alifuta kwa khanga, akafuta tena.

"Niliogopa, baba."

"Najua. Nilikuona. Kijana wangu Rama alipokosea nilimgombeza, kwa sababu alijua anachofanya. Wewe nikugombeze kwa lipi? Kwa kunikumbuka nikiwa msibani?" Akatikisa kichwa. "Hasira yangu si ya kuandika. Ni ya chai ile. Ulivyomimina bila kumwaga."

"Nakubali."

"Na wale wenzangu. Miaka kumi na tisa pale getini, Swau. Nimewatoa polisi, nimewazikia watoto. Ilitosha Biubwa na vidole viwili."

Swaumu akasubiri mpaka mzee alipopumua.

"Kikao ni Jumatano saa nne. Dada wa masijala anasema lazima wewe mwenyewe. Usipokuja, barua yako yote ni bure, na kituo kinakwenda. Shabani anao mhuri lakini hana la kusema, yeye sahihi yake ni ya kweli."

"Nikisimama nikasema sahihi hii si yangu, watauliza swali gani la pili?"

"Watauliza ni ya nani."

"Nami nitajibu nini?"

"Utajibu ni ya Swaumu. Nami nitakuwepo, nitasimama."

"Na wale wa kampuni wana mwanasheria. Atasema basi huyu ndiye mhalifu, mshikeni, mengine yote ni sawa. Wewe huna ndugu ofisini, huna mtu wa kukuwekea dhamana. Una mama Mzenga." Mzee akaugeuzageuza wembe kwenye vidole. "Nimekaa hapa siku tano nikilipima jambo hilo. Kituo upande mmoja, wewe upande mmoja. Linanishinda."

"Usilipime peke yako, baba. Nililiandika mimi." Sauti yake ilikuwa imetulia sasa, ileile aliyozoea kusomea zamu. "Rama atasema alinisikia nikikiri. Lusajo nitampigia, labda atakuja, labda hatakuja. Lakini mimi nitakuja. Hata usipokuja nitakuja, nitasimama peke yangu, na Dada Aneth amesema bila wewe haitasaidia kitu."

Akachuchumaa naye, mkabala na mzee, ili asimtazame kwa juu.

"Siombi unisamehe leo. Naomba uache huo ubavu mmoja mpaka Jumatano, uje na gari likiwa na mstari wake, usimame useme neno lako moja. Mengine niachie. Utakuja, baba?"

Mzee Mwinshehe alitumbukiza kitambaa kwenye beseni, akakikamua, akakishika mkononi kinachuruzika maji. Hakukiweka juu ya mstari wala hakukirudisha. Alikuwa anatazama mihogo ya dada yake, ambayo hakuna aliyeipalilia tangu azikwe.

Kutoka ng'ambo ya korongo Rama akapiga honi, akapiga tena. Swaumu hakugeuka. Alibaki amechuchumaa vilevile, macho usoni kwa mzee, anangoja.